Nilivyoua mimea ya tangi la mke wangu kwa taa za urembo

Habari za muda huu wakuu.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo nimejikaza nami nishushe uzi. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitauita ujinga.

Uzi unahusu taa za tangi la samaki lenye mimea hai. Ila ndani yake kuna mambo ya moyo, mnaojifanya wagumu rukeni.

Naishi Sofu, Kibaha, nina duka dogo la stationery. Mke wangu Hadija ni mwalimu. Tangi ni lake. Alilianzisha tulipooana tu, akapanda mimea mirefu myembamba kama majani ya kitunguu, na mingine mifupi ya kufunika mchanga. Samaki kwake walikuwa wapangaji, wenye nyumba ni mimea.

Mwaka jana akapangiwa shule Marui, Kisarawe. Kwenye ramani ni pua na mdomo. Kufika sasa ndiyo kazi, na mvua ikinyesha usiseme. Tukakubaliana aende, akifika aandike barua ya uhamisho wa kumfuata mwenza, mimi nibaki na duka na tangi.

Akaniambia, "Samaki wakifa nitakusamehe. Mimea ikifa tutagombana."

Mwezi wa pili tu taa ya tangi ikaungua.

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Jirani yangu Mama Neema alikuwa na fundi wa gypsum, anamwekea zile taa za mkanda za rangi kwenye dari ya sebule. Kikabaki kipande cha bluu na zambarau. Nikamwomba fundi anibandikie juu ya tangi.

Wakuu, lilipendeza. Samaki wanang'aa, wageni wanapiga picha. Nikajiona nimemzidi hadi mwenye tangi.

Wiki ya tatu majani yakaanza kuwa manjano. Baadaye yakawa kama nailoni, unaona upande wa pili. Ukiligusa jani linayeyuka mkononi.

Hadija alikuwa anapanda kwenye kilima karibu na shule kutafuta mtandao, anipigie. Salamu ikiisha tu, "Majani yangu yanaendeleaje?"

"Yamenawiri."

"Nitumie picha."

Namtumia picha ya zamani. Ndiyo, nilimdanganya mke wangu, na sikumdanganya mara moja. Niliogopa angesema nimeshindwa kulinda kitu kimoja tu alichoniachia.

Nikajisemea kama shida ni mwanga, wacha niipe mwanga. Nikafunga taa kubwa ya ulinzi, ile ya kumulika uani. Nawasha nikitoka msikitini alfajiri, nazima nikienda kulala.

Ndani ya siku chache kioo kikaota mwani, maji yakawa kijani, samaki siwaoni. Mama Neema akachungulia dirishani, "Jirani, hiyo supu ya mchicha inaiva saa ngapi?" Nilicheka, ila moyoni nilikuwa nalia.

Ikabidi niende Dar kwa dada mmoja anayeuza mimea ya majini. Nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza bila kucheka, namshukuru kwa hilo.

Akaniambia mmea hauangalii taa, unaila. Ule mkanda wa rangi ni wa kumfurahisha mtu macho, chakula humo ni kidogo mno. Na taa yangu ya uani ilikuwa ni kumlisha mgonjwa sufuria zima. Anayenenepa hapo ni mwani.

"Wewe unalala?" akaniuliza.

"Nalala."

"Na mimea yako nayo ilale."

Basi nikarudi na taa nyeupe ya mchana, boksi limeandikwa 6500K, ya saizi ya tangi langu. Nikanunua na taima ya kuchomeka kwenye soketi, iwashe saa nne asubuhi, izime saa kumi na moja jioni. Saa saba tu. Nikabadili maji kidogo kidogo, nikasugua kioo.

Kwenye mchanga lilibaki shina moja. Moja, wakuu. Lina jani dogo kama ukucha.

Nikaanza kuwahi kufunga duka ili nilione kabla taa haijazima. Nakaa kwenye kiti chake, naliangalia. Nilikuwa namkumbuka Hadija. Namna anavyosahihisha madaftari huku anaongea peke yake, namna anavyonigombeza kwa kuacha viatu mlangoni. Taa ikizima, sebule inakuwa kubwa sana kwa mtu mmoja.

Polepole shina likazaa. Likatoa mtoto, mtoto naye akatoa wake. Nikakata kichipukizi kimoja, nikakitia kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikafunga safari ya Marui bila kumwambia.

Aliponiona alikimbia kama msichana. Tulipokaa nikampa chupa na nikamwambia ukweli wote, taa za rangi, mwani, picha za zamani.

Akacheka. "Nilijua. Kwenye picha zako sebuleni bado kulikuwa na mkeka niliokuja nao huku."

Halafu akaishika ile chupa kwa mikono miwili.

"Na mimi nikwambie. Barua sijaipeleka."

"Barua gani?"

"Ya uhamisho. Niliiandika, ninayo kwenye begi. Darasa la kwanza hapa ninalo peke yangu. Nimeshindwa kuwaacha, mume wangu."

Nilikasirika, sitaficha. Mwaka mzima nahesabu siku, kumbe nahesabu hewa. Nikatoka nje bila kuaga.

Uani nikakutana na bibi mmoja analeta mihogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia.

"Ndo wewe mume wa mwalimu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Umekuja kutuchukulia?" Akaikumbatia mihogo yake. "Mjukuu wangu ndo kwanza ameanza kuandika jina lake."

Nilimpokea mihogo, nikarudi ndani, nikakaa karibu na mke wangu. Tukaimenya pamoja.

Nilichojifunza kuhusu taa: usinunue kwa sababu inapendeza, nunua kwa sababu mmea utakula. Nyeupe ya mchana, saa saba au nane, na taima. Kuhusu ndoa: ningesema ukweli mapema, naye angesema mapema.

Sasa naombeni msaada, wataalamu.

Nyumba ya mwalimu kule ina sola ya taa mbili na kuchajia simu. Taa ya tangi saa saba kwa siku itaimaliza betri? Au niliweke karibu na dirisha lipate mwanga wa asubuhi, na mwani je? Na tangi la lita themanini linafungwaje lisipasuke kwenye barabara ile?

Nijibuni mapema, hata mkinisema poa tu. Mwenye fremu ya duka nimeshamwambia natoka mwisho wa mwezi.