Redio Tatu na Filimbi Moja

Umewahi kulala bondeni na mguu uliovunjika, ukaita watu, ukajibiwa na ng'ombe? Baba yangu amewahi. Fahali alimpiga teke asubuhi, akapatikana jua likizama. Ni mchungaji wa shamba kubwa lenye kilima katikati, na nyuma ya kilima hicho simu hazishiki mtandao.

Mwenye shamba, anayeishi mbali, aliposikia habari hiyo aliagiza zinunuliwe redio za upepo, zile za mkononi za kuitana, ili mtu asilale tena kule bila msaada. Kazi ya kuchagua akapewa msimamizi, yaani mjomba wangu, kaka yake mama. Tangu apate usimamizi, mjomba hatembei, anakagua. Hanywi chai, anapata kifungua kinywa. Wafanyakazi wanamwita Kamanda, naye anadhani ni heshima.

Nilimsindikiza dukani. Muuzaji akatoa redio za aina mbili: nyeusi nzito yenye antena ndefu, aliyosema inahimili vilima, na ndogo ya njano yenye tochi na kibanio cha mkandani. Mjomba akashika ya njano, akasimama upande huu wa kaunta.

"Unanipata?"

"Nakupata, mzee," muuzaji akasema, yake hata hajaiwasha.

"Safi kabisa. Nipe tatu."

"Mjomba, tungezijaribu kwanza nyuma ya kilima."

"Chuo kimekuharibu, mpwa wangu. Kwenye boksi wameandika zinafika mbali. Unataka kubishana na boksi?"

"Hilo boksi halijawahi kufika kwetu."

Hakunisikia. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kabati, redio kiunoni, tumbo kalivuta ndani. Nikajua nimeshindwa na mkanda.

Jioni akazigawa. Moja yake. Ya pili ya mkewe, ili amjulishe chakula kikiiva. Ya tatu ya mlinzi wa lango la malisho, ili Kamanda asisumbuke kupiga honi. Baba alisubiri, ameegemea fimbo.

"Na mimi, shemeji?"

"Wewe nimekukumbuka." Mjomba akatoa mfukoni filimbi ya plastiki. "Hii haihitaji hata chaji."

Baba akaigeuzageuza. "Kwa hiyo nikianguka tena, nipulize."

"Tena kwa nguvu."

"Atasikia nani?"

"Shemeji, usianze kulalamika kabla hujaanguka."

Nilisema mengi kuhusu haki na uhai wa mfanyakazi. Mjomba akabonyeza kitufe, akamwuliza mkewe kama chakula ki tayari. Mkewe akamjibu kwa mdomo, kutoka chumba cha pili.

Kesho yake asubuhi nilikuwa langoni na mlinzi. Kamanda alikuwa ametangulia na gari kukagua malisho. Redio ya mlinzi ikakoroma. Akaruka, akafungua lango, akapiga saluti. Barabara tupu. Akafunga. Ikakoroma tena, akafungua, saluti.

"Kasema nini?" nikamwuliza.

"Sijui. Lakini huyu akiita, ni lango tu."

Alilipigia saluti vumbi mpaka mkono ukachoka. Mwishowe wakatokea watu wawili juu ya kilima. Baba, na mguu wake uliopinda, alikuwa anamkokota mjomba, matope hadi kifuani, kiatu kimoja hana, kifundo kimeteguka. Gari lilikuwa limezama bondeni. Kama baba asingepita na ng'ombe, angekuwa bado huko.

"Nimeita tangu alfajiri," mjomba akasema.

"Na mimi nimefungua kila mara, mkuu," mlinzi akajibu, akifunga lango nyuma yao.

Trekta likaitwa. Ilibidi mjomba arudi nalo bondeni kuonyesha gari lilipo. Akaitazama filimbi iliyoning'inia shingoni mwa baba.

"Shemeji, hiyo filimbi niazime."

Baba akaivua, akampa. "Chukua. Mimi kulala kule nimeshazoea."

Akageuka kuwarudia ng'ombe wake, akichechemea. Redio zikakoroma, mke wa Kamanda alikuwa anasema chai imepoa. Mlinzi akafungua lango haraka, akapiga saluti, na baba akapita.