Kikao cha Ngozi ya Mdogo Wangu

Nauza mitumba soko la Koboko. Shati moja nalihesabu vifungo mara mbili kabla sijataja bei, kwa hiyo mtu anayeuza kitu kisichofaa namjua. Muuza dawa jirani yetu alimuuzia mdogo wangu mafuta ya kupaka, mwezi baada ya mwezi, asimwambie hata siku moja avue suruali atazame. Ngozi ya mbele ya uume ilikuwa imebana, nyeupe na ngumu kama kovu. Akikojoa, inavimba kwanza kama puto, ndipo mkojo unatoka kama uzi. Kwa mtu mzima hiyo si kazi ya mafuta. Ni ya hospitali.

"Twende Arua wakutahiri."

"Unataka kunisilimisha?"

Sisi ni Wakristo wa Adumi, upande wa Arua. Koboko Waislamu ni wengi; ukitoka huko ukatahiriwa, nyumbani wanakuuliza jina lako jipya la Kiislamu.

Asubuhi moja aliivuta ngozi nyuma anawe, ikakwama. Kichwa cha uume kikavimba, kikageuka zambarau. Nikampakia gari la Arua. Bei aliyotaja dereva sikuibishia. Tulipofika, mgonjwa akakataa hospitali mpaka baba mkubwa aruhusu. Tukaenda kwake Adumi; naye akaita majirani wa kanisani, akafungua kikao kwa sala.

"Huko Koboko umepata bibi Muislamu?"

"Baba mkubwa, iko nauma."

"Jibu. Bibi iko?"

"Uvimbe ndiyo iko!" nikafoka. "Damu haipiti! Mnajadili dini, kitu kinakufa!"

"Wewe mutu ya soko, nyamaza. Hapa hakuna kupatana bei."

Nikamwinua mdogo wangu, nikampandisha boda turudi hospitali. Nyuma yetu walikuwa bado wanasali.

Daktari alipoona alisema hii haingoji hata kesho. Akachoma sindano ya ganzi, akaubana uvimbe kwa mkono, polepole, mpaka ngozi ikarudi mbele. Hakukata kitu. Ila kovu lile litakwama tena, akasema; uvimbe ukiisha, atahiriwe. Akampima na sukari, maana nayo huifanya ngozi hivyo.

Baba mkubwa akatufuata, akaingia, Biblia kwapani. "Daktari, mukimukata, bado iko Mukristo?"

"Mzee, mimi nangoja mkojo."

Tukangoja wote nje ya pazia. Hatimaye tukausikia ukigonga ndoo, mwembamba kama zamani, lakini bila kukatika.

"Mungu asifiwe," akasema baba mkubwa.

Mungu namsifu. Baba mkubwa sikumwitikia amina, na mpaka leo sijamwitikia.