Siku nilipochomoa waya wa TV dada yangu akiwa juu ya mizani: mashindano ya kupungua, Ifakara

Wakuu, wazima humu?

Naona mnabishana kama mashindano ya kupunguza unene kwenye TV yanajenga au yanabomoa. Mimi niliyaona Ifakara miaka ya tisini, nikiwa nimemaliza form four na nina mtoto mchanga. Nasimulia nilichokiona. Atakayesema hii ni chai, basi anywe.

Naanzia pale uvumilivu uliponiishia.

Nilikuwa benchi la nyuma kwenye ukumbi wa video, karibu na soko. Kifuani nina watoto wawili. Mmoja wangu, Jeni. Mwingine Fidelis, wa dada yangu Leokadia, ananyonya kwangu kwa sababu kwa mama yake maziwa yamekata.

Mbele, dada amesimama juu ya mizani ya kupimia magunia ya mpunga. Pembeni yake TV inaonyesha mkanda wa wiki iliyopita, yeye huyohuyo akiwa mnene zaidi. Ukumbi mzima unapiga kelele:

"Gunia limevuja! Gunia limevuja!"

Mwendeshaji alikuwa kijana aliyetoka Dar na kamera yake, tulimwita Bwana Kamera. Akasema, "Akina mama, huyu ndiye mama wa mfano!"

Fidelis akaachia ziwa alie. Sauti haikutoka. Mdomo wazi tu.

Nikainuka, nikachomoa waya wa TV.

Mtu wa benchi la mbele akageuka. "Mama Jeni, umeme umekatika?"

"Haujakatika. Nimeukata mimi."

Sasa turudi nyuma mnielewe.

Bwana Kamera alikuja akitangaza mashindano kwa wanawake wanene tu. Kila Jumamosi mnapimwa, anawapiga picha, halafu anawaonyesha kwenye TV pale ukumbini. Akasema mkanda wa mwisho ataupeleka televisheni ya Dar. Mshindi anapata cherehani ya miguu.

Wakuu, nisiwe mnafiki. Ilikuwa ajabu.

Wengi wetu hatukuwahi kumwona mtu tunayemjua ndani ya TV. Mama yetu alitoka shamba na matope miguuni, akamwona Leokadia kwenye kioo, akakisogelea na kukigusa. "Leokadia, shuka huko, utaanguka!" Tulicheka mpaka tukalia.

Na dada yangu! Mtu aliyekuwa akipumzika njiani kati ya kisima na jiko, sasa alfajiri anatoka kwetu Katindiuka mpaka Lumemo kwa miguu na kurudi, halafu anashika jembe. Jirani yetu Mama Kulwa, Msukuma, akaanza kuwaachia watoto ng'ombe ili atembee naye. Wanawake wakaongezeka. Ungewaona barabarani wamejifunga khanga viunoni, wanaimba nyimbo za kwaya.

Mkumbuke enzi zile ukikonda hupongezwi. Watu wanakutazama kwa huruma, wanahesabu waliokwisha kuzikwa kwa ukimwi. Hawa walitembea hivyohivyo, minong'ono ikiwafuata nyuma.

Ila mizani haishibi.

Kutembea kulipoacha kupunguza kilo, dada akaacha kula. Kwanza ugali. Baadaye kila kitu. Ijumaa hata maji hanywi, ili kesho mizani isome vizuri. Na Fidelis alikuwa hajaota hata jino.

Mtoto akalegea. Shingo ikawa nyembamba, macho makubwa.

Hapo ndipo akaja mama mkwe wa dada kutoka Mahenge. Akambeba mjukuu, akamgeuza, akamtazama mama yake.

"Umembemenda mjukuu wangu."

Kwa wasiojua: mtoto anayenyonya akidhoofu, watu husema amebemendwa, yaani wazazi wake hawakusubiri, wamelala pamoja kabla ya wakati. Ni aibu kubwa. Shemeji akaangalia chini. Masikini, alijua hajamgusa mkewe tangu uzazi.

Nikamsubiri dada aseme ukweli, kwamba ni njaa tu.

Leokadia akapiga magoti. "Nisamehe, mama."

Nilimfuata jikoni. "Dada, mbona unakubali kosa hujalifanya?"

"Nikisema sili, watanitoa mashindanoni."

"Na mtoto?"

"Mdogo wangu, wewe tangu shule unapigiwa makofi. Mimi ndiyo mara ya kwanza."

Nilimwonea hasira, na papo hapo nilimstaajabia. Mtu amebeba aibu isiyo yake, mbele ya mkwe, ili kesho asimame juu ya mizani!

Bibi akaanza kumpa mtoto mizizi. Wakuu, mtoto ana njaa, anapewa dawa ya kosa la kitandani.

Ndipo nikaanza kumnyonyesha mimi, mpaka Jumamosi ile ya waya.

TV ilipozima Bwana Kamera alinifokea. "Sista, unaniharibia kipindi!"

"Na kipindi chako kinaniharibia mtoto!"

Dada hakushuka. Aliniangalia, mashavu yameingia ndani, akasema taratibu, "Mdogo wangu, rudisha waya. Hawajasoma kilo."

Jumatatu niliingia ofisi ya mtendaji wa kata na watoto wote wawili. Hata shikamoo nilisahau.

"Binti, unamshtaki dada yako?"

"Hapana. Dada yangu simgusi. Nashtaki mashindano."

Akaniambia niandike. Nikaandika palepale.

Najua mnataka kuuliza kama Leokadia alishinda. Kila ninayemsimulia huanza na hilo, na ndilo linalonipandisha hasira. Hakuna anayeanza na Fidelis. Yupo, mwanaume mzima, ana mama wawili na wote tunamgombeza.

Nilichojifunza: mashindano haya yanatia moyo, kweli kabisa, niliona kwa macho. Afya ni jambo jingine. Kamera inafuata tumbo linalopungua, haigeuki kutazama benchi la nyuma.

Malalamiko yangu haya hapa, kama ninavyoyakumbuka. Someni, halafu mniambie mngeandika nini. Matusi pia nasoma.

*Kwa Mtendaji wa Kata.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINDANO YA KUPUNGUA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mama ninayenyonyesha watoto wawili na nimezaa mmoja. Mtoto wa pili mama yake yu hai, anapigiwa makofi kila Jumamosi.*

*Sijaja kuomba mashindano yafungwe, kwa sababu nimewaona wanawake wakifanya nisiyodhani yanawezekana. Naomba jambo moja. Kila mshindani anayenyonyesha apande mizani na mtoto wake apande baada yake, mbele ya watu walewale, na kilo za mtoto zisomwe kwa sauti, kamera ikiwa imewashwa.*