Plastiki kwenye Veranda ya Mikayi

Nikipita mbele ya nyumba ambako mtu amechanganya maua ya plastiki na maua hai, huona kosa lake nikiwa bado barabarani. Ameyaweka juani. Plastiki ya nje inataka kivuli, la sivyo wekundu wake hugeuka rangi ya ufizi. Inataka kukaa nyuma ya jani hai, si mbele yake, na mkebe wake ujazwe udongo wa kweli, hata mdudu adanganyike. Wakati najifunza haya nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini mwalimu wangu alikuwa veranda ya mama yangu, Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Katika mtaa wetu hakuna aliyenunua maua. Uliomba tawi kwa jirani, na kumnyima mtu tawi ilikuwa kama kumnyima maji. Mama alipanda matawi yake kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia ambayo mimi niliipaka rangi ya buluu na mstari mweupe uliopinda. Fahari yake ilikuwa begonia ya majani yenye madoadoa meupe, aliyopewa na mama mmoja aliyekuwa akimshonea nguo. Hatukuiona kwingine mjini.

Mama hakuwa mtu wa wivu. Baba yake alikuwa na wake watatu, naye alijua kwamba huenda siku moja angepata mwenzake. Alitaka jambo moja tu, na alimwambia Baba kabla ya kuolewa, mbele ya shangazi zake: yeye akiwa mikayi, mke wa kwanza, aambiwe kwanza, na aambiwe na mume mwenyewe. Mikayi anayesikia habari kama hiyo kwa watu wengine, alisema, ni mpangaji tu katika nyumba yake.

Likizo yangu ya kwanza kutoka Nairobi nilikuta mapengo kwenye safu ya mikebe.

"Jua la mwaka huu ni baya," Baba alisema. "Yaliyokufa nimeyatupa na mikebe yake, Mama asiumie kuyaona."

Alikuwa amenunua maua ya plastiki kwenye duka la Mhindi na mikebe mingine ya kuyatia. Mama alilishika ua moja kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe aliyelowa. Mimi nililipokea kwa furaha. Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu na nilijua maana ya maendeleo. Nikapaka mikebe mipya rangi ileile, nikapanga maua hai mawili mbele, la plastiki moja nyuma, nikawa natamka neno "uwiano" kila nilipochuchumaa. Majirani walisifu. Baba alisifu kuliko wote.

Kila likizo mapengo yaliongezeka, nami nikayaziba. Kisha nikakuta begonia nayo haipo. Mama alikuwa amemuuliza Baba ameitupa wapi, labda aokoe kipande. Alijibiwa kwamba imeoza mpaka mizizi. Nilimfariji kwa kumpangia majani ya plastiki mahali pake.

Wiki hiyohiyo alinituma Ahero kununua mchele. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamefunika barabara karibu na Nyamasaria, na dereva wa basi akatuambia tushuke tutembee. Nikiwa na mchele kichwani niliona, mbele ya nyumba moja ndogo, mikebe ya buluu. Mistari yake myeupe ilikuwa imepinda.

Mwanamke alitoka ndani, mkubwa kwangu kwa miaka michache.

"Karibu, dada. Mbona umesimama kwa matope?"

"Naangalia maua."

"Haya? Mzee wangu ndiye huniletea. Utamwona anakuja na mkebe ameukumbatia kama maziwa. Wenzangu wanaletewa leso, mimi naletewa udongo."

"Anayatoa wapi?"

"Kwake mjini. Anasema yamejaa hata hakuna pa kupita." Alikata tawi la begonia na kulifunga kwa gazeti lililoloweshwa. "Chukua, upande kwenu."

Nilishukuru, nikachukua. Chuo kikuu kilikuwa bado hakijanifundisha kukataa tawi.

Nilikusudia kulificha, lakini Mama ndiye aliyepokea mzigo.

"Hili umelitoa wapi?"

"Nyamasaria."

"Kwa nani?"

"Kwa mwanamke mwenye mikebe yetu."

Aligeuzageuza lile tawi. "Anamwaga maji mengi," alisema. "Ona shina lilivyolegea."

Baba alipotoka kazini alikuta glasi mezani, tawi ndani yake, na chai kando.

"Mzee, ile iliyooza imerudi," Mama alisema.

Baba aliitazama glasi. "Nilikuwa nangoja wakati mzuri wa kukuambia."

"Ulikuwa nao. Kila ulipobeba mkebe."

"Sikutaka kukuumiza."

"Ndiyo ukaninunulia plastiki."

Jumamosi Mama alikwenda Nyamasaria, nami nikamfuata na magunia mawili ya kubebea mali yetu. Alijitambulisha. Yule mwanamke akamletea kiti. Mama akaomba msumari, akamwonyesha jinsi ya kutoboa mikebe chini maji yapite, kisha wakanywa chai. Tulipoondoka, yule mwanamke alikuwa akimwita Mikayi. Magunia yangu yalirudi matupu.

"Mama, umeyaacha?" Nilikuwa nimekasirika kuliko yeye, na hilo pia liliniudhi.

"Huyo msichana hakuniambia yamekufa."

Nyumbani aling'oa plastiki yote na kuisogeza mikebe mitupu mstari wa mbele. Kila mgeni aliuliza kulikoni. "Muulize Mzee," Mama alijibu, akiendelea kumimina chai. Baba akamweleza mchungaji, akawaeleza wajomba, akamweleza hata fundi wa baiskeli. Mtaa mzima ulipata habari kutoka kwake mwenyewe, na Mama akiwa ameketi hapo, kwenye kiti chake.

Baba ndiye aliyenisindikiza kwenye basi la Nairobi.

"Wewe umesoma," alisema. "Mambo haya unayaelewa."

"Niliyapanga mimi, Baba."

"Yapi?"

"Yale ya plastiki. Niliyapanga vizuri, Mama asione pengo."

Alitazama sanduku langu likipandishwa juu, akamwambia utingo alifunge sawasawa. Kisha akaniuliza kama nina chakula cha njiani. Nikasema ninacho.