Siku Niliposafisha Sauti ya Bibi

Niseme mwenyewe kabla sijasemewa (maana Sib nzima, hapa Oman, washasema, na waliobaki wanasubiri zamu): mtu aliyekaribia kuivunja ndoa ya shemeji yangu Nassor kabla haijafungwa ni mimi. Sikuivunja kwa ugomvi wala kwa fitina. Nilitaka tu kompyuta ya nyumbani iwe na sauti safi. Chekeni, mimi nishalia.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ipo sebuleni, na miaka yote ilikuwa ikitoa sauti ile ile iliyozaliwa nayo, kupitia spika mbili ndogo, na hakuna aliyekufa. Watoto walisoma nayo, mke wangu Asya alitazama mapishi, mamamkwe wangu Bi Moza (tunaishi naye, Mungu ampe umri) alisikiliza mawaidha yake, na kila mtu aliridhika. Ilikuwa na kosa moja tu: ukisogeza kipanya, spika zinanung'unika, vvvv, kama mzee aliyeamshwa usingizini. Mtu mwenye akili angeacha kusogeza kipanya. Mimi nikaenda mtandaoni kusoma.

Huko nikawakuta watu wasiojuana wanatukanana mchana na usiku kwa jambo moja, eti sauti iliyojengwa ndani ya kompyuta inatosha au haitoshi. Nusu yao wanasema inatosha kabisa, kanunue samaki ule. Nusu wanasema anayeisikiliza hiyo hana masikio, ana matundu. Na mimi nani nikubali kuwa na matundu? Nikamwomba Asya ushauri, kwa heshima ya ndoa tu, maana nilishaamua.

"Sauti ina nini?" akaniuliza.

"Imefifia. Haina kina."

"Kina cha nini, Khalfan? Wataka kuogelea?"

Sasa, ili mtu mzima anunue kitu asichokihitaji, lazima apate sababu ya kheri, na sababu ya kheri ilikuwepo ndani ya kabati la mamamkwe. Zamani, simu zilipokuwa ghali, waliokuja Oman na waliobaki Unguja walikuwa wakipelekeana barua za kaseti: unakaa mbele ya redio, unabonyeza, unasema yako yote mpaka kaseti iishe, kisha unampa msafiri. Bi Moza anayo moja, ya marehemu mama yake, bibi yake Asya. Binamu mmoja aliwahi kuiingiza kwenye kompyuta kwa waya aliouchomeka kwenye tundu la maikrofoni, na kila sikukuu tunakaa kuisikiliza. Bibi anatoa salamu kwa watu wake waliokuwa huku, jina baada ya jina, na baada ya kila jina ananyamaza kidogo. Hapo anaponyamaza ndipo Bi Moza anapolia.

"Anameza machozi, masikini mama yangu," husema. "Hataki tumsikie."

Na sisi sote tunainamisha vichwa tunameza na yetu.

Basi nikamwambia, "Mama, hapo unamsikia mama yako nusu tu. Nipe kaseti niisafishe." Sikujua kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nasema neno la kweli kuhusu kompyuta. Kumbe kaseti ile ilirekodiwa kwa redio kubwa yenye maikrofoni mbili, moja kushoto, moja kulia, na tundu la kompyuta lilikuwa limechukua upande wa kushoto peke yake.

Nikenda madukani Ruwi nikanunua kisanduku cha sauti cha kuchomeka kwenye kompyuta, cha chuma, kina kirungu cha kuzungushia sauti mbele na taa ya buluu (taa ya buluu ndiyo iliyoniuzia), na juu yake nikaongeza spika mbili mpya, kubwa kama madebe ya samli. Asya aliviangalia vikipita mlangoni, hakusema kitu, na mke asiposema kitu jueni anahifadhi.

Tungeishia hapo ingekuwa hasara ya mfuko tu. Lakini wiki ile ile tulikuwa tunangoja jibu la posa ya Nassor. Nassor ni mdogo wake Asya, kijana mzuri, mpole, umri unakwenda, na alishakataliwa mara mbili kwingine bila ya kuambiwa sababu. Safari hii alikuwa anamtaka Thuraya, mtoto wa mwisho wa Bi Zuwena wa Bustan, na Thuraya anamtaka, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Wanaume watakuja baadaye kusoma fatiha na kupeana mikono, lakini kwetu kila mtu anajua neno lenyewe hutoka kwa wanawake, na Bi Zuwena alishasema, "Jibu nitalileta mwenyewe, Ijumaa." Nassor hali, halali, akipita mbele ya kioo anageuza uso.

Na huyo Bi Zuwena, kabla hajaja Oman, alikuwa jirani wa mama yake Bi Moza kule Unguja, ukuta kwa ukuta, na ametajwa ndani ya kaseti! Nilipolikumbuka hilo nilijiona mwanadiplomasia. Marehemu mwenyewe atatusaidia kuposa. Ijumaa nikaunganisha redio na kisanduku, nikabonyeza, nikaenda zangu msikitini, nikarudi nikakuta kaseti imeshaingia yote. Niliisikiliza? Sikuisikiliza. Nilitaka niisikie pamoja na wageni, nipate sifa yangu ikiwa moto.

Bi Zuwena akaja, amejifunga leso yake ya heshima, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka. Upande wetu msemaji alikuwa Bi Salma, mdogo wake Bi Moza, ambaye lazima niwaeleze: ni mwanamke wa adabu mpaka inachosha, anapima maneno kama anayepima dhahabu, na ukisema neno kali mbele yake anafumba macho mpaka lipite. Nassor alikaa karibu na mlango, kanzu mpya, kofia imekaa sawa, rangi hana. Kahawa ikaja, halua ikaja. Bi Zuwena akafuta vidole, akakohoa kidogo, akasema, "Bismillahi. Bi Moza, kuhusu hawa watoto wetu..."

Na mimi nikamkata. "Samahani, Bi Zuwena, kabla hujasema, nna zawadi yako."

(Nassor anasema alitaka kunirukia hapo hapo. Angenirukia.)

Nikabonyeza, na kwa kweli niseme haki, sauti ilikuwa nzuri, nzuri ya kutisha. Bibi alikuwa mle sebuleni. Ukimsikia pumzi, ukisikia bangili zake. Bi Moza akaweka mkono kifuani, na mimi nikamtupia Asya jicho la kumwambia, haya, kina hicho. Bibi akamsalimu mtoto wake, na Bi Zuwena, aliyekuwa wa pili kutajwa, akasikia jina lake.

"Na jirani yangu Zuwena, nisalimie sana. Mwambie nnamkumbuka usiku na mchana."

Bi Zuwena akachukua ncha ya leso akajifuta jicho. Bibi akanyamaza, kama kawaida yake. Sote tukainamisha vichwa kwa machozi yale anayoyameza. Ndipo kwenye spika ya kulia, upande ambao haukuwahi kusikika, kikatoka kisauti cha mtoto wa kike, kikali kama pilipili:

"Unamkumbuka? Si jana tu umesema, heri kaondoka?"

Hakuna aliyeelewa mara moja. Mimi mwenyewe nilidhani ni jirani.

"Mchoyo yule! Chumvi tu katunyima!"

Hapo tukaelewa, na tukamtambua na msemaji, maana sauti ya mtu hukua lakini haisahau kwao. Sote tukamgeukia Bi Salma. Bi Salma alikuwa amefumba macho.

Nikakimbilia kibodi nikabonyeza kitufe cha kupunguza sauti, nikakibonyeza tena na tena, na kitufe hakikufanya lolote, kwa sababu (nilikuja kukumbuka baadaye, nikiwa nimetulia) sauti sasa ilikuwa mkononi mwa kisanduku. Nikakishika kile kirungu, nikakizungusha upande siyo. Mtoto akawa anapiga kelele. Nikachomoa waya wa kwanza niliouona, na ulikuwa wa spika ya kushoto. Yaani Bibi na salamu zake nimemnyamazisha, nimemwachia uwanja mtoto peke yake:

"Na kuku wetu mwekundu! Alipopotea, harufu ya mchuzi ilitoka wapi?"

Nikachomoa umeme ukutani. Kila kitu kikazima.

Bi Zuwena akakunja leso, akaipapasa, akaikunja tena. "Bi Moza," akasema taratibu, "chakula kilikuwa kizuri. Na chumvi ilikuwa ya kutosha." Akasimama. Asya ndiyo kwanza anaingia na chetezo, moshi wa udi unapanda, na kwetu mgeni haondoki kabla hajafukizwa ila awe amekasirika hasira za kaburini. Bi Zuwena akaupita moshi, akaenda zake Bustan na jibu lake mdomoni.

"Si mimi," akasema Bi Salma. Hakuna aliyemuuliza.

Nassor alivua kofia akaishika mikononi. "Shemeji," akaniambia, wala hakupandisha sauti, "mimi nilikukosea nini?" Nimeshagombezwa na mabosi, nimeshagombezwa na polisi wa barabarani, lakini swali lile liliniumiza pabaya, kwa sababu lilikuwa la haki.

Aliyetuokoa ni Bi Moza. Alikaa pale pale mpaka Alasiri, kisha akasema, "Washa. Namjua mama yangu, hawezi kumwacha mtoto aseme hivyo akanyamaza." Nikarudisha nyaya zote, huku Asya amesimama juu yangu kama askari. Salamu, kimya, mtoto, chumvi, kuku. Na mara tu baada ya kuku, kwenye upande ule ule wa kulia, Bibi kamgeukia mtoto, ananong'ona kwa hasira:

"Nyamaza, mwana kukosa adabu! Uliposhikwa na surua mimi niko shamba, nani aliyekupakata mpaka kukacha? Si huyo Zuwena? Chumvi alitunyima, usingizi wake hakutunyima!"

Sentensi moja. Ningesubiri sentensi moja tu.

Bi Moza akacheka mpaka akajishika ubavu, huku machozi yanamtoka. "Miaka yote nalia, nasema anameza machozi," akasema, "kumbe anagomba!"

Mimi nikatoa shauri kwamba tumpelekee Bi Zuwena kwa simu, dakika moja tu, imekwisha. Bi Moza akaniangalia. "Katukanwa na kompyuta, ataombwa radhi na kompyuta. Ibebe." Nassor akaleta gari, akasema kisanduku hakipandi. Kwa hivyo nikachukua zile spika zetu ndogo za zamani, na kompyuta nikaipakata kutoka Sib mpaka Bustan, Bi Moza amekaa mbele, na kule Bustan nikapita nayo mbele ya vijana wamekaa barazani, kama mtu aliyefukuzwa nyumba akaruhusiwa kuchukua kitu kimoja.

Aliyefungua mlango ni Thuraya mwenyewe. Akaniangalia mimi, akaiangalia kompyuta, akajiziba mdomo kwa mtandio. Mamake alikuwa amekaa sebuleni, amegeukia ukuta.

Nikachomeka spika kwenye tundu la kompyuta yenyewe, lile nililolidharau. Likanung'unika, vvvv. Kisha Bibi akasema, na mtoto akasema, na Bibi akagomba, kila neno linasikika, kushoto na kulia, bila ya taa ya buluu. (Sauti ilikuwemo siku zote, iliingizwa nusu tu. Kutoka haikuwa na shida hata kidogo. Mnaweza kunicheka tena.)

"Irejeshe," akasema Bi Zuwena.

Nikairejesha.

"Surua ile nilishaisahau," akasema. Uso ulikuwa umelainika, na mkono wake ulikuwa umejikunja kidogo, kama unaoshika kichwa cha mtoto. "Na chumvi, Bi Moza, tusidanganyane. Ilikuwepo. Niliwanyima tu."

"Na kuku?" akauliza Bi Moza.

"Nassor nimempa mke. Ya kuku mwachieni Mungu."

Nassor alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, na hapakuwa na kiti.

Wameoana, alhamdulillahi, na harusini wenyewe walinikalisha mbali na maikrofoni, meza ya maji, sikulalamika. Kisanduku nimempa mwenzangu wa kazini, naye ananiambia kila siku kwamba sauti yake ina kina, mimi namwambia hongera. Lakini kuna jambo moja linanikaa moyoni. Sikukuu iliyopita tuliiweka tena kaseti ya Bibi, na ilipofika pale baada ya jina la Zuwena, Bi Moza alicheka. Sote tulicheka. Kisha akasema polepole, "Mama alikuwa anameza machozi hapo," kama mtu anayemtaja mama mwingine kabisa, yule wa machozi, aliyekuwa akimpenda, na mimi ndiye niliyemwondoa.

Kwa hivyo nimeapa, na Asya ndiye shahidi: sauti ya mtu nikiisikia, inanitosha ilivyo. Na ikinilazimu kuisafisha, nitaisikiliza kwanza mimi, peke yangu, mlango umefungwa, mpaka mwisho.