Mtaalamu wa Theluji wa Iringa

Wananchi wa Nyanda za Juu Kusini mnatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Iringa imepata mtaalamu wa sanaa ya Kijapani. Jina lake Isihaka, umri miaka sitini na tisa, cheo mchonga mihuri, ofisi meza moja barazani karibu na soko kuu. Mtaalamu huyo si mimi. Nilitaka niwe mimi.

Jumba moja dogo la maonyesho ya picha huko Mbeya lilikuwa linatafuta mtu wa kuwaelezea wageni. Mimi na chuo tuliachana mwaka wa pili, lakini mdomo nilitoka nao. Wakanipa picha moja ya Kijapani, iliyochongwa kwenye ubao kisha ikapigwa chapa kwenye karatasi. Nikae nayo wiki nzima, Jumamosi niielezee mbele ya watu. Nikifaulu, kazi yangu.

Ijumaa nikaenda kwa Mzee Isihaka anichongee muhuri wenye jina langu na neno MHAKIKI. Kwani nchi hii nani anamwamini mtu asiye na muhuri?

Mzee amechongea makanisa, misikiti, kwaya na wenyeviti wa mitaa kwa miaka arobaini, kwa wembe na kipande cha mpira. Wanawe humwambia siku hizi kuna mashine. Huwajibu kwamba mashine haijui mwenyekiti yupi anapenda herufi nene.

Akiwa anachonga, nikaifungua picha nijaribie sauti. Vibanda viwili, mtu mmoja na mwavuli, theluji kila mahali.

"Tazama weupe huu, mzee wangu!" nikasema, baada ya kukohoa kisomi. "Msanii ameupaka tabaka kwa tabaka, brashi ikitetemeka kwa upweke..."

"Kapaka wapi?"

"Hapa kwenye theluji."

Akafuta mikono kwenye suruali, akaichukua, akaiinamisha penye mwanga. "Hapa hajapaka kitu, mwanangu. Hii karatasi tu. Fundi kauchimba ubao, wino haukufika. Theluji yako yote hii ni mahali palipoachwa patupu."

Kisha akatoa kile kioo chake kidogo. Muhuri huchongwa kinyume, kwa hiyo herufi huzisomea kiooni kabla hajagusa wino. Akakisimamisha kando ya picha.

"Chungulia humu. Hivi ndivyo alivyoiona fundi wakati anachonga. Na huu mpini wa mwavuli, umeuona? Mwembamba kama unywele. Kaubakiza huo, kachimba pande zote mbili. Mkono ungemteleza hapa, ubao wote kuni. Alibana pumzi huyu bwana."

Na yeye mwenyewe alikuwa ameibana. Akaishusha taratibu, kama mtu aliyevuka mto.

Wiki nzima nimeikodolea macho picha ile. Nimeona upweke, nimeona umilele, nimeandika kurasa sita. Mpini sikuuona. Kesho watu wa Mbeya wangeniuliza swali moja tu na kazi ingekwenda na maji.

"Mzee Isihaka," nikasema, safari hii bila kukohoa, "nisaidie. Twende wote Mbeya, uwaeleze wewe. Nauli juu yangu, na kazi wakinipa tunagawana."

Akaitazama tena ile theluji, kwa mapenzi, kwa muda mrefu. Halafu akanirudishia.

"Mbeya kuna baridi."