Picha ya Mama Ukumbini

Mwaka ule wa ukame, dada yangu mkubwa alialikwa kuonyesha picha zake katika ukumbi wa sanaa wa jamii pale Makindu, juma la kuelekea Krismasi, watu wetu wanaporudi kutoka Nairobi na Mombasa. Alikuwa mwalimu wa nasari. Alichora kwa rangi za maji, jioni, watoto wakishaondoka.

Picha aliyoitaka zaidi ilikuwa ukutani kwa baba. Ilimwonyesha mama akipepeta ndengu, kichwa kimeinama kidogo kama mtu aliyesikia akiitwa. Mama alishafariki, na hakuwahi kupigwa picha ya kamera maishani mwake. Baba alisitasita. Mwishowe aliifunga kwa shuka yeye mwenyewe, akaipakata njia nzima.

Siku ya kwanza watu walisimama mbele yake kwa kicho. Mama mmoja wa kanisani kwetu aliisalimu kwa Kikamba, kisha akajicheka na kufuta macho.

Siku ya pili, mchana, mvua ikaja. Tulikuwa tumeiombea kanisa zima tangu mimea ilipokauka shambani. Ukumbi ukabaki mtupu. Sote tulitoka, wazee kwa watoto, tukasimama uwanjani tukilowa. Wanawake walianza wimbo. Hata dada aliimba.

Hatukusikia upepo ukiinua bati upande ule wa mama.

Tuliporudi ndani, maji yalikuwa yakiteremka ukutani na kupita juu ya picha, ambayo haikuwa na kioo. Dada alifungua leso kiunoni, akaigusisha karatasi polepole, akijaribu kukausha. Alipoitoa, uso wa mama ulikuwa umehamia kwenye leso, doa la hudhurungi tu. Nilishika fremu kwa mikono miwili, sijui kwa nini. Hakukuwa na kitu cha kuokoa. Nje bado waliimba.

Msimamizi wa ukumbi aliomba radhi mara nyingi. Baba alimwambia asijisumbue.

"Mvua hailaumiwi," alisema. "Sisi ndio tuliiomba."

Kesho yake tulipanda, kwa kuwa ardhi haingoji mtu.

Krismasi ilipopita, baba alimwita dada akamwomba amchore mama tena. Dada aliketi na karatasi magotini. Alichora ungo, akachora mikono, akakwama. Alikiri kwamba kila akiutafuta uso, anaiona ile picha, hamwoni mama. Akaniuliza mimi. Nilifumba macho, nilisikia sauti ya mama vizuri kabisa, lakini uso haukuja.

Baba ndiye aliyemkumbuka. Akasogeza kiti karibu, akaanza kueleza: paji la uso pana, pua kama ya shangazi yetu, kovu dogo karibu na nyusi. Dada alichora, akafuta.

"Siye," baba alisema kwa upole. Akaeleza upya, akionyesha kwa kidole hewani, na dada akachora tena, na tena hakuwa yeye.